Risala ya Wazazi na Walezi Wanaolea Peke Yao Kuhusu Ukomo wa Matunzo ya Mtoto

Imesomwa mbele ya Mgeni Rasmi katika maadhimisho ya Siku ya Familia Duniani, 15 Mei

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Mheshimiwa Hakimu Mkazi Mfawidhi,
Waheshimiwa Madiwani,
Ndugu Maafisa Ustawi wa Jamii na Maendeleo ya Jamii,
Viongozi wetu wa dini,
Wazazi wenzetu, vijana wetu, mabibi na mabwana,

  

Sisi tunaosimama hapa ni kina mama tulioachiwa watoto, mabibi tunaolea wajukuu, na kina baba wachache ambao wenzao ndio walioondoka nyumbani. Wamo mamalishe, wauza mitumba, walimu, wafanyakazi wa ndani na madereva wa bodaboda. Tumekaa na vijana wetu tukakubaliana tusilete mambo mengi. Tumeleta jambo moja: wajibu wa mzazi kutoa matunzo ya mtoto unapaswa kukoma lini, na nani abebe kazi ya kuuthibitisha ukomo huo.

Shukrani kwa yaliyofanyika

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukuja kulalamika kana kwamba hakuna lililofanyika. Wakubwa wetu wanaikumbuka sheria ya tangu mwaka 1949 iliyohusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Chini ya sheria hiyo, mama aliyemshinda baba wa mtoto mahakamani hakuweza kupewa zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi. Nchi ilipata uhuru, bei zikapanda, noti zikabadilika, na shilingi 100 ikabaki pale pale mpaka Bunge lilipotunga Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kuifuta ile ya zamani. Leo hakimu hafungwi na kiwango hicho. Hutazama kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Tunashukuru.

Tunashukuru pia kwa elimu bila ada iliyoanza mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na kufikishwa kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Tunashukuru kwa uamuzi wa Novemba 2021 uliowafungulia mabinti waliojifungua mlango wa kurudi shuleni. Tunashukuru kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliyowatambua wasaidizi wa kisheria tunaowakimbilia huku mitaani. Mambo hayo yanatupa imani kwamba sheria ikiachwa nyuma na maisha, inaweza kusukumwa iyafikie.

Sheria inasemaje leo

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa baba wajibu wa kuwatunza watoto wake wadogo kwa malazi, mavazi, chakula na elimu kulingana na uwezo wake, hata kama wanaishi kwa mtu mwingine. Mama hubeba wajibu huo pale baba anapokuwa amefariki, hajulikani alipo au hana uwezo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikaja kuwawekea wajibu wazazi wote wawili, wawe walifunga ndoa au hawakufunga. Kwa sheria hiyo, mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18.

Amri ya matunzo hukoma mtoto anapotimiza miaka 18. Hata hivyo sheria imeacha mlango: mahakama inaweza kuiendeleza amri baada ya umri huo ikiwa kijana yuko masomoni au mafunzoni. Ombi linaweza kupelekwa na mzazi, na mtu anayeishi na mtoto huyo, au na kijana mwenyewe.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, hatusemi sheria imetutupa. Tunasema mlango upo lakini umewekwa upande usiofaa. Siku mtoto anapotimiza miaka 18, mzazi anayelipa hahitaji kufanya lolote. Anaacha tu kutuma. Anayetakiwa kutafuta nauli, kuandika ombi, kukusanya vielelezo na kukaa kwenye benchi la mahakama ni yule ambaye hela ya matumizi imekatika asubuhi hiyo.

Kero zetu

Kero ya kwanza ni hesabu ya miaka yenyewe. Wengi wa vijana wetu walianza darasa la kwanza wakiwa na miaka 7. Aliyeanza hivyo, asirudie darasa na asiugue, anamaliza la saba akiwa na miaka 13, anamaliza kidato cha nne akiwa na 17, na anaripoti kidato cha tano mwezi Julai akiwa ameshatimiza au anakaribia 18. Kidato cha sita kinamkuta na miaka 19 au 20. Shahada ya miaka mitatu inamkuta na 23. Maana yake ni kwamba sheria inamwona mtu mzima mwezi ule ule anapokabidhiwa fomu ya kujiunga na shule ya bweni iliyo mkoa mwingine. Fomu hiyo ina orodha: godoro, shuka, ndoo, jembe, fyekeo, rimu ya karatasi, sare, viatu, michango na nauli ya kwenda na kurudi. Ada imefutwa, lakini orodha haikufutwa. Mwenzetu mmoja alimpelekea baba wa mtoto picha ya fomu hiyo kwa simu. Jibu lilikuja fupi: "Si ana kitambulisho cha NIDA? Ajitegemee."

Kero ya pili ni miezi ya katikati. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, matokeo hutoka Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Kijana aliyetimiza miaka 18 Desemba hayuko shuleni na hayuko kazini. Hana barua ya shule ya kuonyesha mahakamani kwamba yuko masomoni, na akisubiri aipate, amri imeshakoma miezi mingi nyuma. Hali ni hiyo hiyo kati ya mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei na kufunguliwa kwa vyuo vikuu miezi kadhaa baadaye. Miezi hiyo ndiyo kijana anahitaji hela ya kuombea chuo, ya kuombea mkopo, ya kufuatilia cheti cha kuzaliwa na ya kula. Ndiyo pia miezi ambayo mabinti wetu wengi hupotea, kwa sababu kuna watu wazima wanaojua kumhesabia msichana siku za njaa.

Kero ya tatu ni ya wale waliochelewa bila kosa lao. Wapo waliouguzwa mwaka mzima. Wapo waliokaa nyumbani kwa sababu ya mzazi huyo huyo kukataa kutoa hela ya sare. Wapo mabinti waliorudi shuleni baada ya kujifungua, na wengine wanakaa kidato cha tatu wakiwa na miaka 19. Serikali imewaambia warudi darasani, lakini aliyewazaa anawaambia umri wao umekwisha. Hatuoni ni vipi kauli hizi mbili zinaweza kukaa pamoja katika nchi moja.

Kero ya nne ni ya watoto wenye ulemavu mkubwa. Miongoni mwetu yupo mama mwenye kijana mwenye mtindio wa ubongo. Kijana huyo hajawahi kutembea, hali mwenyewe, na mama yake hawezi kwenda kibaruani bila kumlipa mtu wa kukaa naye. Siku alipotimiza miaka 18 hakuna kilichobadilika mwilini mwake, ila gharama zilikuwa zimeongezeka, kwa kuwa sasa ni mzito na habebeki na mtu mmoja. Kilichobadilika ni kwamba baba yake aliacha kutuma. Kwa kijana kama huyu, neno "kujitegemea" halina tarehe.

Kero ya tano ni malimbikizo. Mzazi anayejua kwamba amri ina mwisho hujifunza kuvuta siku. Anakosa mwezi, analipa nusu mwezi unaofuata, anabadilisha laini ya simu, anahama wilaya. Mtoto anapofikisha 18, mzazi huyo anatoa salamu za pole na kusema yaliyopita si ndwele. Nasi tunauliza: deni la chakula ambacho mtoto alikula kwa mkopo wa dukani, ambacho sisi tulikilipa kwa kufua nguo za watu, linageukaje kuwa si deni kwa sababu mtoto ameongezeka umri?

Kero ya sita ni makaratasi yasiyosema kitu. Wengi wetu hatuna amri ya mahakama. Tuna karatasi ya makubaliano tuliyoandikishana kwa afisa ustawi au mbele ya viongozi wa mtaa. Imeandikwa kiasi, imewekwa sahihi na dole gumba, basi. Haisemi matunzo yanaisha lini, haisemi nini kitafuata mtoto akiendelea na masomo, haisemi mtu aende wapi. Tulioongea nao wengi walisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa msaidizi wa kisheria kwamba amri inaweza kuendelezwa, na walipoambiwa, kijana alikuwa ameshaacha chuo.

Hoja za upande wa pili

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunajua wanaolipa nao wana maneno, na mengine yana ukweli. Hatutaki kuyapita.

Wanasema mtu wa miaka 18 anapiga kura, basi na ajilishe. Ni kweli Katiba inampa haki ya kupiga kura akiwa na umri huo. Lakini kura haihitaji mtaji. Wazazi waliobaki katika ndoa hawamtoi kijana wao nje siku ya kuzaliwa kwake kwa kuwa amekuwa mpiga kura. Wanamsomesha mpaka amalize. Tunachoomba ni kwamba mtoto wa wazazi walioachana asipewe utu uzima wa haraka kuliko mtoto wa jirani.

Wanasema Bodi ya Mikopo ipo. Ipo, na tunaishukuru. Lakini si kila anayeomba hupata, na anayepata hapati siku ya kwanza. Kabla bumu, yaani hela ya mkopo, halijaingia, kijana ameshapanga chumba na ameshakula. Tena mkopo ni deni la kijana mwenyewe. Mzazi mwenye kipato akijitoa, anamhamishia mwanawe deni lililokuwa lake.

Wanasema kina mama tunakula hela za watoto. Wapo waliofanya hivyo, na hatuwatetei. Dawa ya hilo si kuacha kulipa. Kijana aliyefikisha miaka 18 ana laini yake ya simu. Atumiwe moja kwa moja.

Wanasema watalea mpaka lini, na wengine wana familia nyingine na kipato kidogo. Hili tunalikubali, na ndiyo maana maombi yetu yana kikomo. Hatumwombei mtu wa miaka 30 anayekaa kijiweni. Hatuombi mchimba kokoto alipe kama mkurugenzi. Mahakama inao uwezo wa kupunguza kiasi hali ya mlipaji ikibadilika, na ibaki nao. Tunalolikataa ni mtu kujipunguzia mwenyewe mpaka sifuri na kuiita tarehe ya kuzaliwa shahidi wake. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayesema 18 inatosha ni yule asiyeubeba baada ya hapo.

Wenzetu wameliona jambo hili. Kenya, kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, inairuhusu mahakama kuongeza muda wa wajibu wa mzazi kupita miaka 18 panapokuwa na sababu maalumu. Afrika Kusini mtoto huwa mtu mzima kisheria akiwa na miaka 18, lakini wajibu wa wazazi kumtunza hauishi kwa umri peke yake, bali unaendelea mpaka aweze kujitegemea. Hatuombi Tanzania iige neno kwa neno. Tunaonyesha kwamba tunachoomba kinawezekana.

Maombi yetu

Kwa heshima kubwa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba uyafikishe maombi haya kwa wizara zinazohusika na sheria, na ustawi wa jamii, na elimu, na kwa Bunge:

1. Sheria ya Mtoto na Sheria ya Ndoa zirekebishwe ili amri ya matunzo ya mtoto anayesoma iendelee yenyewe baada ya miaka 18 mpaka amalize kidato cha sita, mafunzo ya ufundi, cheti, stashahada au shahada ya kwanza, bila kuvuka miaka 25. Miezi ya kusubiri matokeo na kupangiwa shule au chuo ihesabiwe kuwa sehemu ya masomo.

2. Anayetaka kuacha kulipa ndiye aende mahakamani. Aonyeshe kwamba kijana ameajiriwa, ameacha masomo kwa hiari yake au amemaliza. Mpaka mahakama iamue, aendelee kulipa.

3. Kwa mtoto ambaye ulemavu au maradhi hayamruhusu kujitegemea, sheria itamke wazi kwamba umri hauondoi wajibu wa mzazi.

4. Sheria itamke kwamba malimbikizo yaliyopatikana kabla ya amri kukoma ni deni linaloendelea kudaiwa, na mwajiri aweze kuamriwa kulikata kwenye mshahara.

5. Kila amri ya mahakama na kila makubaliano ya ofisi ya ustawi yaandikwe kwa Kiswahili chepesi yakitaja siku ya ukomo, sababu zinazoweza kuyaongezea muda, na mahali pa kupeleka ombi. Mzazi anayelea apewe taarifa ya maandishi miezi sita kabla ya mtoto kutimiza miaka 18.

6. Matunzo yalipwe kwa njia ya simu au benki kwa kontroo namba, ili pasiwepo tena mabishano ya nani alilipa na nani hakulipa. Kijana akitimiza miaka 18, mahakama iweze kuelekeza malipo yaende kwake mwenyewe.

7. Fomu ya maombi ya mkopo wa elimu ya juu imtambue mwombaji ambaye mzazi wake mmoja yuko hai lakini hamtunzi, kwa uthibitisho wa mahakama au ofisi ya ustawi, asije akahesabiwa kipato asichokiona.

8. Huduma ya kusikiliza mashauri ya familia chini ya paa moja, kama ilivyo katika Kituo Jumuishi cha Temeke jijini Dar es Salaam, isogezwe katika mikoa mingine, ili bibi anayelea asizunguke kati ya ofisi ya mtaa, ustawi, dawati la polisi na mahakama kwa shauri moja.

Haya yote hayana uzito sawa. Kama Serikali ina nafasi ya kuanza na moja, ianze na la pili. Likitekelezwa hilo, mzigo wa kwenda mahakamani utahamia kwa mwenye nauli.

Ahadi zetu

Nasi hatukuja mikono mitupu. Tunaahidi kwamba kijana atakayeendelea kupokea matunzo atapeleka kila mwaka uthibitisho wa usajili wa shule au chuo na matokeo yake kwa mzazi anayelipa, maana anayelipa ana haki ya kujua analipia nini. Tunaahidi kuwaeleza vijana wetu kwamba matunzo ni ya kumalizia masomo, si mshahara. Tunaahidi kutowafungia watoto mlango wa kumwona mzazi wa pili kwa sababu ya ugomvi wetu, kwa kuwa tumeona baba anayemjua mwanawe hulipa kwa wepesi zaidi kuliko anayelijua jina lake tu kwenye hati ya wito. Na sisi kina mama tulio na kipato tunakubali kwamba sheria hii itatubana na sisi. Palipo na baba anayelea na mama mwenye kazi, mama alipe.

Kwa viongozi wetu wa dini tunaomba jambo dogo: mnapofungisha ndoa na mnapopatanisha waliogombana, semeni pia juu ya wajibu usiovunjika kwa talaka. Kwa waajiri tunaomba msimfiche mfanyakazi anayetafutwa na mahakama. Kwa wazazi mnaolipa bila kuitwa, na mpo wengi, tunasema asanteni. Risala hii haiwahusu kwa lawama.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwezi Julai vijana wa kidato cha tano wataripoti shuleni. Wengine wao watakuwa wametimiza miaka 18 kabla ya kufika, na mzazi mmoja atakuwa ameshaacha kutuma. Hatuwezi kuibadilisha sheria kufikia Julai hii. Lakini maafisa ustawi na mahakimu waliopo hapa wanaweza, kwa sheria iliyopo leo, kuwaita wazazi hao na kuwaambia kwamba mahakama ina uwezo wa kuiendeleza amri. Tunaomba waanze na hilo wiki hii, wakati mabadiliko ya sheria yakifuata njia yake bungeni.

Mungu ibariki Tanzania, wabariki watoto wake.

Tunaomba kuwasilisha.